Okapi wa Plaketi ya Kumi na Mbili

Damu niliiona kabla ya kidonda. Ilianza kama doa kwenye bawa la kushoto la ndege wa karatasi niliyekuwa nikimkunja mezani saa ya mapumziko, kisha ikawa mstari, kisha bawa likalowa. Niligeuza karatasi nikitafuta wino uliovuja. Nilitazama hata dari. Trésor, fundi wa mitambo wa redio yetu, ndiye aliyenizindua.

"Mama Gracia, ni ndege njo imepigwa risasi, ao ni weye?"

Ukingo wa karatasi ulikuwa umenikata kidole kidogo cha mkono wa kuume. Nikaufungua mkato kwa ukucha wa mkono wa pili, nikaona ndani. Hakukuwa na maumivu. Trésor alikunja uso kwa niaba yangu. Mimi nilikitazama kidole kama kitu cha mtu mwingine, amekisahau mezani akaenda zake.

Hiyo ilikuwa kabla ya plaketi ya kwanza ya dawa, pakiti ya vidonge vya mwezi mmoja. Sasa nimemaliza ya kumi na mbili. Ugonjwa wenyewe ni ukoma. Nautaja mapema ili asiyetaka kuendelea aache hapa, na mwenye doa lisilouma mwilini mwake aendelee. Namwandikia yeye.

Kazi yangu ni kusoma matangazo kwenye redio ndogo ya Makiso, hapa Kisangani. Watu huyaleta yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari: mbuzi amepotea, boti ya Isangi inaondoka kesho, wazazi wanaitwa shuleni, marehemu anazikwa saa nane. Nikishayasoma mara tatu hewani, karatasi ni yangu. Za vifo sizikunji. Hizo naziweka chini ya droo, na mwisho wa mwaka Trésor huzichoma kwa heshima. Zilizobaki huwa ndege, vyura, samaki, mamba, ngalawa. Kukunja nilifundishwa na papa yangu, karani wa bandari, ambaye alikunja kurasa zilizoharibika za orodha ya mizigo huku akisubiri boti zilizochelewa. Boti zilichelewa sana, kwa hiyo alikuwa fundi. Alipofariki aliniachia wanyama kumi na mmoja aliowajua kichwani, na wa kumi na mbili ambaye hakuwahi kumpata: okapi, yule ndugu mfupi wa twiga anayeishi msituni. Miguu yake ilimshinda. Nilikuwa nimejiwekea kazi hiyo, kumpata okapi kwa karatasi moja, bila mkasi wala gundi, na mistari ya daftari iangukie mapajani, pale ambapo okapi wa kweli ana milia.

Doa lilitangulia damu kwa miezi minane. Lilitokea juu ya kiwiko cha mkono huohuo, jeupe kidogo, laini, halikuwasha. Wanawake wa sokoni waliliona kabla yangu.

"Eh, Mama Gracia! Na weye umeanza kupaka! Unataka kuwa mundele kipande kipande?"

Mundele ni mzungu. Niliona aibu, maana sikuwa napaka kitu. Na sasa niseme kosa langu waziwazi. Nilienda kununua kopo la mafuta ya kujichubua, nikapaka mkono mzima, ili ufanane na doa. Nilidhani nikiwa mweupe wote hakuna atakayeuliza. Mume wangu alisema nanukia vizuri. Miezi minane nilifanya kazi ya kulificha doa kwa kulieneza, na huku chini ya ngozi ugonjwa ulikuwa ukishuka taratibu kuelekea vidoleni.

Kituo cha afya nilichoenda baada ya kidole kukatika kina benchi mbili kwenye baraza. Moja ni ya wanaokohoa, nyingine ni yetu, na hakuna kibao kinachosema ipi ni ipi, ila kila mtu anajua. Niliona watu wakifika, wakasita, wakasimama katikati wakijifanya wanasoma bango la chanjo. Nami nilisoma bango lile lote mara nne.

Muuguzi wetu tunamwita Tonton Ruffin, yaani mjomba Ruffin, mtu mfupi mwenye kalamu nne mfukoni, mbili zimekauka. Alinyofoa pamba, akaisokota mpaka ikawa na ncha kama mkia wa panya.

"Funga macho, mama. Kila fasi nitagusa, sema 'hapa'."

Akagusa paji la uso. Hapa. Shingo. Hapa. Mkono wa kushoto. Hapa, hapa, hapa. Kisha akatulia. Nikasikia pikipiki ikipita, mtu wa benchi ya pili akikohoa, mama mmoja akimwambia mwanawe avae kiatu. Nikaona amechukua muda mrefu mno.

"Tonton, endelea basi."

"Nimemaliza, mama. Fungua macho."

Alikuwa amegusa doa na vidole viwili vya mwisho mara nyingi kuliko alivyogusa mahali pengine popote. Ile pamba ilikuwa bado imelala juu ya kidole changu kidogo.

Alinipa plaketi ya kwanza palepale. Vidonge vya siku ya kwanza vinamezwa mbele ya muuguzi, vingine unakwenda navyo nyumbani, na mwezi ukiisha unarudi. Miezi kumi na miwili. Akasema maneno ambayo ningependa kila mwenye doa aambiwe siku ya kwanza: dawa ni ya bure, inaponya, na ukishaanza kumeza huambukizi mtu tena. Nikamuuliza kuhusu vidole. Ndipo akaanza kutafuta kalamu inayoandika.

"Ugonjwa utaisha. Vidole, tutaviangalia pamoja. Bingine binarudia, bingine hapana."

Nilitoka na hesabu yangu. Kila plaketi mnyama mmoja, nikipanda kutoka wale rahisi kwenda wagumu. Plaketi ya kumi na mbili ingekuwa okapi. Kama mkono ungeweza okapi, ningejua umerudi.

Nyumbani tuko mume wangu, ambaye ni mekaniki wa kivuko cha Lubunga, watoto wawili, na mama yake mume wangu. Huyu alihamia kwetu kutoka Yanonge baada ya kufiwa. Mkwe kwa mkwe, hapa tunaitana bokilo, yeye kwangu na mimi kwake. Kazi yake ni kufunga liboke, samaki na viungo ndani ya majani, anazichoma na kuziuza kwa wanaosubiri kivuko.

Niliwaambia jioni, watoto wakiwa nje. Mume wangu aliuliza swali moja tu, kama nimekula. Usiku ule alihamia sebuleni, akasema chumbani kuna joto. Ni kweli kulikuwa na joto. Mwaka mzima Kisangani kuna joto.

Bokilo alitafuta nyundo. Kesho yake nikakuta sahani ya bati yenye ukingo wa buluu imetundikwa kwenye msumari mpya, mbali na nyingine. Nikaletewa chakula changu ndani yake, lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, sehemu nzuri ya samaki, ile ya karibu na kichwa. Wengine walikula pamoja kwenye sinia kama kawaida. Niliichunguza ile sahani miezi mitano. Najua mikwaruzo yake yote.

Plaketi ya kwanza, chura. Siku ya kumeza mbele ya muuguzi mkojo unakuwa mwekundu. Usipige kelele chooni kama mimi, watoto walikuja mbio. Plaketi ya pili, samaki. Plaketi ya tatu ngozi ilianza kuwa nyeusi, si weusi niliozaliwa nao, weusi wa kukauka, unaokaribia zambarau usoni. Wanawake walewale wa sokoni wakabadilisha wimbo.

"Mama Gracia, mafuta yako imegeuka! Rudisha kopo kwa mwenye kukuuzia!"

Nilicheka nao. Nilikuwa nimelia kabla ya kufika.

Benchini nilipata rafiki. Sefu ni mchimba dhahabu kutoka upande wa Bafwasende, kila mwezi anapanda pikipiki siku mbili kuja kuchukua plaketi yake. Mguu wake mmoja haumwambii kama amekanyaga mwiba, kwa hiyo jioni huukagua kwa macho kama mtu anayekagua tairi. Siku ya plaketi ya nne nilikuwa najaribu okapi benchini, mapema kuliko mpango, kwa kiburi. Nilimwonyesha, kwa sababu yeye ni mtu wa msitu wenye okapi, amewahi kumwona okapi kwa macho yake.

Aligeuza karatasi huku na huku kwa adabu kubwa.

"Mama, ya kweli niseme?"

"Sema."

"Hii ni mbuzi."

Nikaifungua kumwonyesha mikunjo ilivyo migumu. Ndani, kwa mwandiko wa mtu, ilikuwa imeandikwa: mbuzi jike, mwenye doa shingoni, amepotea tangu Jumatatu. Sefu alicheka mpaka wanaokohoa wakacheka nao, na wao kicheko kinawagharimu. Tonton Ruffin alitoka kuuliza nani amekufa.

Baada ya plaketi ya tano mambo yalikwenda vibaya. Ulikuwa msimu wa viwavi, mitaani wanawake wanapita na mabeseni ya mbinzo, viwavi wa kula, na mimi nikaamka mshipa wa kiwiko umevimba na unawaka kama waya wa umeme. Kabla ya hapo mkono haukuhisi. Sasa ulihisi kitu kimoja tu, usiku na mchana. Tonton Ruffin alinieleza kwamba dawa haijashindwa, ni mwili unapigana na mabaki ya ugonjwa, na kwamba hili huwapata wengi. Likikupata wewe, mwambie muuguzi siku hiyohiyo, usisubiri tarehe yako. Alinipa vidonge vingine vya wiki nyingi. Uso wangu ukavimba mviringo, hamu ya kula ikawa ya mbwa, na vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Mimi niliyekunja kila kitu, sasa nilikuwa nakunjwa.

Nilijaribu mnyama wa plaketi ya sita, mamba. Mkunjo wa kwanza tu ukaenda kombo. Kidole kidogo ndicho kinachoshikilia karatasi isisogee wakati vingine vinafanya kazi, na hakikushikilia. Nikajaribu tena. Mara ya nane nikakunja karatasi kwa ngumi, nikaitupa, ikaangukia miguuni pa bokilo, aliyekuwa ameketi uani na lundo la majani ya liboke.

Aliiokota. Akainyoosha juu ya goti lake.

"Unakunja bila kujua kama karatasi inakubali," akasema.

"Nitajuaje, bokilo? Mukono hausikie."

Alichukua jani, akalipitisha juu ya makaa ili lilegee, kisha akaligusisha mdomo wake wa chini. Akalikunja. Jani la pili, hivyohivyo, moto, mdomo, mkunjo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka yote na sikuwahi kuuliza.

"Mikono ya mwenye kuchoma liboke imekufa zamani na moto," akasema. "Tunauliza mudomo. Mudomo haidanganye."

Nikachukua karatasi, nikaikunja kwa vidole vitatu vilivyobaki hai, nikapitisha mkunjo juu ya mdomo. Niliusikia: hapa umekaa, hapa umeteleza. Nilirekebisha. Tuliketi pale alasiri nzima, yeye majani, mimi karatasi, tukibusu kazi zetu kama watu wawili wasio na akili.

Majani yalipokaribia kuisha akaanza kusema bila kunitazama. Alikuwa na kaka mkubwa. Kaka huyo alipopatwa na ugonjwa huu walimvusha mto, wakamweka kwenye kijiji cha wagonjwa wenzake. Bokilo, akiwa msichana, alipelekwa kila wiki na mtumbwi kumpelekea chakula. Aliweka liboke juu ya kisiki, akarudi nyuma hatua alizoonyeshwa, ndipo kaka akatoka.

"Alikuwa anakula mbele yangu. Akimaliza ananionesha jani, tupu. Njo merci yake, aksanti yake. Hatukugusana tena." Akafunga liboke ya mwisho kwa kamba ya gome. "Siku moja nilikuta jani ya wiki ya nyuma iko palepale, na liboke ndani."

Nilianza kuzipanga liboke kwenye beseni lake.

"Ule tonton yako ya dawa," akaendelea, "iko anasema kweli? Mutu akimeza, haipite tena kwa mwingine?"

"Anasema kweli."

"Sijasoma, bokilo. Weye umesoma. Unaapa?"

"Naapa."

Jioni ile kwenye meza hakukuwa na sinia wala sahani. Kulikuwa na liboke moja kubwa, mvuke unatoka. Akaifungua katikati yetu, majani yakalala wazi, na akaketi upande wangu wa kuume. Nikauliza sahani yangu iko wapi.

"Imetoboka," akasema. "Kula."

Mume wangu alitazama mkono wangu ukiingia kwenye samaki, akautazama wa mama yake ukiingia baada yangu. Naye akala. Baada ya siku mbili niliiona ile sahani nyuma ya nyumba. Ilikuwa imetoboka kweli, matundu matano yaliyopangwa vizuri kwa msumari, na ndani yake miche ya pilipili.

Wote walipimwa, bokilo, mume wangu, watoto. Hakuna aliyekutwa na doa. Nilitaka kuiweka habari hiyo kwenye matangazo.

Mume wangu hakuomba msamaha kwa maneno, si mtu wa maneno. Mwezi wa plaketi ya nane alirudi kutoka kivukoni na kipande cha alumini alichokipiga tupa siku kadhaa saa za chakula, bapa kama ulimi, ukingo wake umelainishwa usikate. Ni cha kulazia mikunjo. Mpini wake una kishimo cha kidole kidogo, ili kisiteleze.

"Nilipima kwa kidole yako," akasema. "Ulikuwa unalala."

Ndivyo nilivyojua kwamba tayari alikuwa akirudi chumbani usiku, akinipima, akiondoka. Wiki hiyo alirudi kabisa. Joto lilikuwa lilelile.

Mshipa ulitulia polepole. Uso ulirudi umbo lake, na kidole cha pili kutoka mwisho kilinyooka kufikia plaketi ya tisa. Ya kumi kilianza kusikia pamba. Tonton Ruffin aliandika hilo kwa kalamu nyekundu, iliyokuwa pekee yenye wino. Kidole kidogo hakikusikia. Kila mwezi nilifumba macho nikasubiri, na kila mwezi kimya kiliishia palepale. Nilijifunza yale mtu anayajifunza: maji ya moto pima kwa kiwiko cha mkono mzima, sufuria ishike kwa kitambaa, kagua mikono kila jioni kwa macho, paka mafuta, lakini ya kawaida. Kama una doa, usilifanyie urafiki kama mimi. Nenda. Keti kwenye benchi yoyote.

Plaketi ya kumi na mbili niliimaliza siku ya jua kali. Tonton Ruffin aliniandikia kwamba nimemaliza, akagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukushika. Sefu alikuwepo, yeye amebakiza mbili. Nikamtolea okapi. Nilimkunja kwa siku sita, kwa vidole tisa, alumini ya kivuko na mdomo wangu. Karatasi ilitoka kwenye tangazo la boti ya Isangi, na mistari ya daftari ilianguka mapajani pale ilipopaswa kuanguka. Mguu mmoja wa nyuma, ule uliohitaji kidole kidogo, ulikuwa umepinda.

Sefu alimweka kwenye kiganja, akainamisha kichwa.

"Eh. Hii sasa ni okapi," akasema. "Ila iko anachechemea."

"Na weye pia."

"Njo maana ninaijua."

Aliomba aondoke naye. Okapi yuko Bafwasende sasa, juu ya redio ya Sefu, ndivyo anavyosema mwenyewe.

Nilimuuliza Tonton Ruffin mara ya mwisho kuhusu kidole. Alisema amewahi kuona mshipa ukirudi baada ya mwaka, na amewahi kuona mwingine usiorudi. Hakuniongezea kitu, nami namshukuru kwa hilo.

Bokilo hakukubali jibu hilo. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiketisha uani, karibu na miche ya pilipili ambayo sasa inazaa, anachukua kamba nyembamba ya liboke na kunipima mwenyewe. Jumapili iliyopita nilifumba macho. Nikasikia watoto wakigombania kiti, mafuta yakitoa sauti kwa jirani. Nikahisi kitu kama mguu wa mdudu kwenye kidole kidogo.

"Hapa," nikasema.

"Bokilo, sijaanza," akasema.

Tukacheka, yeye zaidi. Kisha akaanza kweli. Kiganja, hapa. Kidole gumba, hapa. Cha kati, hapa. Akasita, nikamsikia akishusha pumzi, na kitu kikapita tena mahali palepale.

"Hapa."

Nilipofungua macho alikuwa anatazama ncha ya kamba, si mimi.

"Nilikuwa nagusa," akasema polepole, "ao nilikuwa karibu ya kugusa. Sijui. Funga macho tena."